Mikono Inayotetemeka: Dhahabu, Zebaki na Ubongo Wako

(Muziki wa kufungua. Sauti ya nyundo zikiponda mawe. Sauti inapungua polepole.)

MTANGAZAJI:

Kama uko Kakuma au Kalobeyei, Nakivale au Kyangwali, Nyarugusu au Nduta, karibu. Na wewe uliyeketi na kikundi chako mkisoma maandishi haya, karibu pia. Someni polepole. Anayesoma asione haya kurudia pale ambapo mwenzake hakusikia vizuri.

Sauti uliyoisikia ni ya nyundo zikiponda mawe. Leo tuko Sikuda, gombolola moja katika wilaya ya Busia, mashariki mwa Uganda. Ukitoka hapa kuelekea kaskazini unafika Tororo. Ukielekea jua linakochomoza, hutembei sana kabla ya kuingia Kenya. Katika eneo hili, hapa na upande wa Tiira, watu wanachimba dhahabu kwa mikono, sururu na karai. Mwamba wenye dhahabu haujui mpaka. Unaendelea hadi magharibi mwa Kenya, kule Kakamega, ambako watu walikimbilia dhahabu katika miaka ya 1930.

Utauliza: dhahabu ya Sikuda inanihusu nini mimi niliye kambini, ninayesubiri mgao wa chakula?

Inakuhusu, ndugu yangu. Wengi wenu mliijua dhahabu kabla ya kulijua hema. Mmetoka Ituri, mmepita Mongbwalu. Mmetoka Kivu Kusini, mmefanya kazi Kamituga. Na hata sasa, mgao unapopungua, kuna vijana wanaotoka kambini kwenda kutafuta kibarua kwenye machimbo. Tazama hata majina yetu: kuna Nyarugusu ya Kasulu, ambayo ni kambi, na kuna Nyarugusu ya Geita, ambayo ni mji wa wachimbaji wa dhahabu. Jina ni moja, na siku hizi shida nazo zinakutana.

Lakini leo sitazungumza juu ya bei ya dhahabu. Nitazungumza juu ya kitu kilichomo ndani ya kichwa chako, ambacho bei yake hakuna anayeijua. Nitazungumza juu ya ubongo.

(Muziki mfupi.)

Chukua mfano huu. Kijana wa miaka ishirini na mitano anashika kikombe cha chai. Kikombe kinatetemeka, chai inamwagika. Mama yake anamwangalia, hasemi kitu. Usiku kijana halali. Mchana anakasirika kwa jambo dogo, kisha anaona aibu na kujitenga. Anatumwa dukani kununua vitu vitatu, anarudi na kimoja. Majirani wanaanza kunong'ona. Mmoja anasema amerogwa. Mwingine anasema ni bangi. Wa tatu, mwenye huruma, anasema, "Mwacheni, ni mawazo ya vita."

Nani kati yao amesema kweli? Pengine wa tatu. Vita huacha alama, na tumeshazungumza hivyo mara nyingi. Lakini kuna swali ambalo hakuna hata mmoja aliyeliuliza: kijana huyu alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kuja hapa?

Alikuwa akichoma dhahabu.

Ili uone kwa nini swali hilo ni kubwa, hebu tuuangalie ubongo wenyewe kwanza. Usiogope. Hakuna haja ya kuwa daktari. Kama umewahi kuvuka mpaka, utaelewa.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo moja na nusu. Ni laini, ndiyo maana Mungu au maumbile, sema upendavyo, yameufungia ndani ya fuvu gumu. Ndani yake kuna seli za neva zipatazo bilioni 86. Kila seli ina uzi mwembamba wa kupeleka habari. Nyingine ni fupi sana. Nyingine, zile zinazotoka kwenye uti wa mgongo hadi kwenye kidole cha mguu, zinaweza kupita urefu wa mita moja.

Habari husafirije? Ndani ya uzi, habari hukimbia kama mshtuko mdogo wa umeme. Lakini nyuzi mbili hazigusani. Kati yake kuna mwanya mdogo mno, na umeme huo kwa kawaida hauuvuki mwanya. Hapo ndipo mfano wa Busia unapotusaidia. Zamani, katika miaka ya 1960, msafiri alifika mpakani kwa gari, na gari lilisimama. Kati ya ofisi za Uganda na za Kenya palikuwa na kipande cha njia cha kutembea kwa miguu. Vijana wenye baiskeli wakaanza kuwavusha watu wakiita, "Boda! Boda!" Jina hilo limeenea Afrika Mashariki yote, na wengi husema lilizaliwa hapa mpakani.

Basi ubongo wako una boda boda zake. Umeme unafika mwisho wa uzi kama gari, unasimama. Hapo seli inamwaga kemikali, na kemikali hizo zinauvuka mwanya zikiwa zimebeba ujumbe hadi upande wa pili. Huko umeme unaanza tena. Haya yote yanatokea kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Unaposhika kikombe bila kumwaga chai, boda boda zisizohesabika zimevuka na kurudi, kila moja kwa wakati wake. Zikichelewa kidogo, mkono unatetemeka.

Kuna sehemu ya ubongo iliyo nyuma, chini, juu kidogo ya shingo. Ni ndogo, lakini zaidi ya nusu ya seli zote za neva za ubongo zimo humo. Kazi yake kubwa ni kupanga mwendo: kutembea bila kuyumba, kutia uzi kwenye sindano, kushika kikombe. Na ndani zaidi, upande wa kushoto na wa kulia, kuna sehemu mbili ndogo zilizopinda, zinazosaidia kuweka kumbukumbu mpya. Ndizo zinazokukumbusha kwamba ulitumwa chumvi, sabuni na viberiti.

(Sauti ya makaa yakivuma.)

Sasa turudi machimboni.

Wengi mnaijua kazi hii kuliko mimi, lakini nitaieleza kwa ajili ya wasioijua. Jiwe linachimbwa, linapondwa hadi linakuwa unga. Unga unaoshwa kwa maji, mchanga mwepesi unakwenda, mzito unabaki. Katika ule mzito kuna vipande vya dhahabu vidogo hivi kwamba jicho haliwezi kuvitenga. Hapo mchimbaji anatia zebaki, ambayo wengi huiita merkuri. Ni chuma, lakini ni cha maji. Kinateleza karaini kama shanga za fedha, na watoto hupenda kukichezea.

Zebaki hushika dhahabu. Mchimbaji anakanda kwa mikono mitupu, anakamua kwa kitambaa, anabaki na donge la rangi ya fedha. Kisha donge linawekwa juu ya moto. Zebaki inageuka mvuke na kwenda zake. Dhahabu inabaki.

Inakwenda zake wapi? Hapo ndipo penye hatari. Mvuke huo hauna harufu, wala huuoni. Hauwashi macho kama moshi wa kuni, kwa hiyo hakuna kinachokufukuza. Unaupumua, na karibu sehemu nne kati ya tano za kile ulichokivuta hubaki mwilini. Unatoka mapafuni, unaingia kwenye damu, unafika kichwani.

Ubongo una ulinzi wake. Kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimebanana sana, zikikagua kila kinachotaka kuingia, kama askari wa forodha pale Busia. Sukari inaruhusiwa. Hewa safi inaruhusiwa. Sumu nyingi zinarudishwa. Lakini mvuke wa zebaki haupiti kwenye geti. Unapita njia za panya. Unayeyuka kwenye mafuta yaliyomo katika kuta zenyewe na kupenya. Ukishaingia ndani, unabadilika umbo. Katika umbo hilo jipya hauwezi tena kutoka kwa njia ulioingilia. Umekwama ndani ya ubongo.

Na zebaki ina tabia moja: inapenda kushikamana. Kwenye karai inashikamana na dhahabu. Mwilini inashikamana na protini, zile zinazofanya kazi ya seli. Inaharibu hata mirija midogo inayoshikilia nyuzi za neva zisisinyae. Boda boda zinachelewa. Nyingine hazifiki.

Ndiyo maana mtu anayevuta mvuke huo siku baada ya siku huanza kutetemeka mikono, wakati mwingine na midomo na kope. Anakosa usingizi. Anasahau. Anakuwa mkali, au anakuwa mwoga na mwenye haya kupita kiasi, yeye ambaye zamani alikuwa wa kwanza kuimba harusini. Fizi zinaweza kuuma na kutoa damu. Jambo hili si geni duniani. Watengeneza kofia wa Ulaya na Marekani, ambao zamani walitumia zebaki kulainisha manyoya, walitetemeka na kubadilika tabia vilevile. Nao walichekwa, wakaitwa wendawazimu.

(Muziki mfupi.)

Msikilizaji, hapa nataka usikilize kwa makini, maana hili ndilo lililonileta mbele yako leo.

Ubongo hauna njia nyingi za kulia. Tumbo likiumwa linauma tumboni. Jino likioza linauma pale pale. Lakini ubongo wenyewe haujui kusema, "Naumia hapa." Unalia kwa usingizi kupotea, kwa hasira, kwa kusahau, kwa mikono kutetemeka, kwa kujitenga na watu. Unalia hivyo ukiwa umejeruhiwa na hofu ya vita. Unalia hivyo ukiwa umejeruhiwa na zebaki. Unalia hivyo kwa njaa ya muda mrefu, kwa pombe kali, na kwa magonjwa mengine. Kilio ni kimoja, sababu ni nyingi.

Kwa hiyo mtu akisema "ni mawazo ya vita tu", anaweza kuwa amesema nusu. Na mtu akisema "amerogwa", amefunga mlango ambao daktari angeweza kuingilia. Namna ya kutofautisha inaanza na swali rahisi: ulifanya kazi gani, wapi, kwa muda gani? Swali hilo halihitaji mashine. Linahitaji mtu wa kuuliza na mtu asiyeona haya kujibu.

Walipofanya hivyo huko Geita, walipata majibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa, wataalamu walikwenda Rwamagasa, kijiji cha wachimbaji. Waliwapima watu damu, mkojo na nywele. Lakini pia waliwapa majaribio mepesi: rudia tarakimu nitakazokutajia, chora, chukua njiti hizi za kiberiti uzirudishe moja moja kwenye kisanduku, tuone unachukua muda gani. Kati ya waliokuwa wakichoma donge la dhahabu, takriban mmoja kati ya kila wanne alikutwa na sumu ya zebaki.

Sasa, najua baada ya kipindi hiki kuna atakayetafuta kiberiti. Si kosa. Lakini kiberiti hakitoi hukumu. Mkono unaweza kutetemeka kwa sababu hujala tangu jana, au una homa ya malaria. Jaribio kama hilo linakusaidia kuona mabadiliko, ili uende kwa mhudumu wa afya na neno la kumwambia.

(Sauti ya mtoto akicheka mbali.)

Kuna mtu mwingine ambaye hajashika karai wala donge, lakini yumo hatarini kuliko sote. Ni mtoto.

Ubongo wa mtoto haujamaliza kujengwa. Anapotimiza miaka mitano, ubongo wake umeshafikia karibu ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, maana yake kazi kubwa ya ujenzi hufanyika tumboni na katika miaka ya mwanzo. Fundi akichanganya saruji mbaya kwenye msingi, nyumba yote inajua. Zebaki inayopumuliwa na mama mjamzito hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Dunia ilijifunza somo hili kwa uchungu huko Japani. Katika mji wa Minamata, kiwanda kimoja cha kemikali kilimwaga majitaka yenye zebaki baharini. Zebaki ya namna hiyo iliingia kwa samaki, na samaki wakaliwa. Paka walianza kujirusha na kufa. Mwaka 1956 ugonjwa wa watu ukatangazwa rasmi: watu wakashindwa kutembea, kusema, kuona vizuri. Kisha wakazaliwa watoto ambao ubongo wao ulikuwa umeharibika tumboni, ilhali baadhi ya mama zao hawakuonekana wagonjwa sana.

Na unajua majirani walifanya nini? Waliwakimbia. Walidhani ugonjwa unaambukiza. Familia zilitengwa, vijana wao wakakosa wachumba. Serikali ilikiri chanzo ni zebaki ya kiwanda mwaka 1968, miaka kumi na miwili baadaye. Kwa miaka yote hiyo mtu mgonjwa alibeba mizigo miwili: sumu kichwani na aibu mgongoni. Nadhani wewe uliye mkimbizi unaujua mzigo huo wa pili bila kuelezwa.

Jina la mji huo sasa limekuwa jina la mkataba. Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013, na Uganda iliuridhia mwaka 2019. Nchi zilizoingia zimekubali kupunguza zebaki katika uchimbaji mdogo, na pale inapowezekana kuimaliza. Miongoni mwa mambo yanayotakiwa kukomeshwa kabisa ni kuchoma donge mahali pa wazi, na kuchoma kwenye makazi ya watu.

Lakini mkataba uko kwenye karatasi, na jiko liko nyumbani. Kwa hiyo tuzungumze juu ya jiko.

Sitakuambia, "Acha dhahabu kesho." Anayesema hivyo hajawahi kulala na watoto wenye njaa. Nitakuambia mambo ambayo unaweza kuyafanya, au kumwambia ndugu yako aliyeko machimboni ayafanye.

La kwanza: usichome ndani ya nyumba. Kamwe. Mvuke ukipoa hushika ukutani, kwenye nguo, kwenye magodoro, na huendelea kutoka siku nyingi baadaye. Na usitumie jiko, sufuria wala kijiko cha kupikia. Kijiko kilichochoma dhahabu hakirudi tena kwenye uji.

La pili: mama mjamzito na watoto wasiwe karibu na moto huo. Si kwa sababu wao ni dhaifu, bali kwa sababu kuna ubongo unaojengwa. Na mama anayenyonyesha asikate kunyonyesha kwa hofu. Aache kuchoma, aendelee kunyonyesha, aongee na mhudumu wa afya.

La tatu: kama ni lazima kuchoma, tumieni retoti, na iwe nje, mbali na nyumba. Retoti ni chombo kinachofungwa, chenye bomba. Mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, unarudi kuwa zebaki ya maji, na unaikinga kwenye maji. Mafundi wanaweza kuitengeneza kwa mabomba ya chuma. Isifunguliwe ikiwa bado ya moto. Faida yake ni mbili: kichwa chako kinapona, na zebaki uliyoinunua kwa pesa inarudi mkononi badala ya kupotea hewani.

La nne: kuna njia za kupata dhahabu bila zebaki. Kwenye milima ya kaskazini mwa Ufilipino, wachimbaji wadogo wametumia boraksi kwa zaidi ya miaka thelathini. Wanaosha mchanga kwa uangalifu zaidi, kisha wanayeyusha dhahabu wakiwa wametia boraksi, ambayo hurahisisha kuyeyuka. Haifai kwa kila mwamba, na inataka kufundishwa. Lakini ipo.

La tano: usiiweke zebaki nyumbani kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma hatari. Nguo za kazi zibaki kazini, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Na maziwa? Wapo wanaoamini kwamba ukinywa maziwa baada ya kuchoma, sumu inatoka. Maziwa ni chakula kizuri, ukiyapata kunywa. Lakini zebaki iliyoingia kwa pumzi haisubiri tumboni ioshwe na maziwa. Imeshapita njia nyingine.

Pia nisikuache na hofu juu ya samaki. Dagaa na mukene ni samaki wadogo. Kwa kawaida zebaki hujaa zaidi kwa samaki wakubwa wanaokula wenzao. Endelea kuwapa watoto dagaa, maana ubongo unaokua unawahitaji.

(Muziki mfupi, wa taratibu.)

Sasa narudi kwa yule kijana wa kikombe cha chai. Je, kuna matumaini?

Yapo. Mtu akiacha kuvuta mvuke huo, mwili huanza kuutoa, hasa kwa njia ya mkojo. Kwa kawaida baada ya miezi miwili hivi, nusu ya zebaki iliyokuwa mwilini inakuwa imetoka, ingawa iliyomo kwenye ubongo hukawia zaidi. Walioathirika kidogo wengi hupata nafuu: mikono inatulia, usingizi unarudi. Walioathirika sana wanaweza kubaki na madhara, kwa sababu seli nyingi za neva zikifa hazizaliwi upya kama ngozi inavyofanya kidonda kikipona. Kwa hiyo kila siku ya kuacha mapema ni siku iliyookolewa.

Kijana huyo afanye nini? Aende kituo cha afya, na asiseme tu, "Sisikii vizuri." Aseme wazi: "Nilifanya kazi ya dhahabu. Nilichoma kwa zebaki. Nilifanya hivyo kwa muda wa miaka kadha. Sasa mikono inatetemeka na usingizi sina." Sentensi hizo nne zinaweza kubadilisha matibabu yake. Asinunue dawa za kujisafisha damu sokoni. Kuna dawa za kutoa zebaki mwilini, lakini hutolewa na daktari baada ya vipimo, kwa sababu nazo zina hatari zake.

Na kama ikionekana si zebaki, bali ni majeraha ya vita, hajapoteza kitu. Majeraha hayo nayo ni ya ubongo, si ya udhaifu wa moyo, na yanatibika. Hata inaweza kuwa yote mawili. Mtu mmoja anaweza kubeba vita na machimbo katika kichwa kimoja.

Na sisi majirani tufanye nini? Tuache kunong'ona. Ukimwona mwenzako anamwaga chai, usicheke. Mpe kikombe kisichojaa. Kisha siku nyingine, mkiwa wawili tu, muulize: ndugu yangu, ulikuwa ukifanya kazi gani kule nyumbani?

Nyundo za Sikuda hazitanyamaza leo, na sijui kama zitanyamaza mwaka ujao. Dhahabu ipo, njaa ipo. Lakini dhahabu ikipotea kwenye mchanga, mtu anaweza kuosha tena akaipata. Ubongo ukipotea kwenye mvuke, hakuna karai la kuuoshea. Uchunge wako. Uchunge na wa mwanao.

Mimi nakuaga kutoka hapa mpakani. Kwaheri, hadi kipindi kijacho.

(Sauti ya nyundo inarudi, kisha muziki wa kufunga.)

KWA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

Baada ya kusikiliza au kusoma, zungumzeni maswali haya. Kila mtu apewe nafasi, na asiyetaka kusema asilazimishwe.

1. Katika mtaa wetu wa kambi, mtu akianza kutetemeka au kusahau, huwa tunasema amepatwa na nini? Tunamtendeaje?

2. Nani kati yetu amewahi kufanya kazi ya dhahabu, au ana ndugu aliyeko machimboni sasa? Tunaweza kumpelekea ujumbe gani kwa simu wiki hii?

3. Mtangazaji alisema ubongo hauna njia nyingi za kulia. Tajeni dalili alizozitaja, kisha mtaje sababu mbalimbali zinazoweza kuzileta.

4. Mtu mmoja aigize mgonjwa, mwingine mhudumu wa afya. Mgonjwa ajizoeze kusema zile sentensi nne. Wengine wasikilize kama zimeeleweka.